Sekunde Nne Zilizokatwa

Mapigo ya moyo wa Adela yalikuwa sabini na sita kwa dakika kabla popo hajatokea, na tisini na nne baada ya popo kutokea. Alikuwa ameyapima mara tano, Jumamosi tano, vidole viwili vikiwa kwenye kifundo cha mkono na macho kwenye saa. Popo mwenyewe alikuwa wa kitambaa. Uzi uliombeba ulionekana wazi juu ya kichwa cha mwigizaji, hata katika televisheni ya banda la Alfonsi, ambayo kona yake moja ilikuwa imegeuka zambarau. Adela aliujua uzi, aliijua dakika utakapoonekana, na bado moyo ulikwenda mbio. Jambo hilo hakuweza kulieleza, na kwa sababu hiyo alirudi.

Alikuwa ametumikia maabara ya hospitali kwa miaka thelathini na moja, akitafuta malaria na minyoo kwenye darubini, na alistaafu bila kuwahi kusaini jibu asiloliona kwa macho yake. Majirani zake hapa Sumbawanga walijiuliza mwanamke wa umri ule anatafuta nini kwenye banda la video saa nane mchana. Filamu zilitoka kwenye sanduku lililoachwa na fundi seremala mmoja Mzungu aliyerudi kwao: filamu za kutisha za Kiitaliano na Kihispania, za miaka ya sitini na sabini, zilizotengenezwa na watu wasio na fedha. Ngome ilikuwa na korido moja, ikapitwa mara tatu kwa mishumaa tofauti ili ionekane ni korido tatu. Picha zao za usiku zilipigwa mchana kwa kioo cha bluu. Ukitazama vivuli vya miti unajua ilikuwa saa sita. Damu ilikuwa rangi ya kupaka milango. Filamu ya gharama huficha kazi iliyofanyika. Hizi ziliiacha kazi mezani pamoja na vifaa vyake, na mtu aliyetaka kujua hofu inaundwaje aliweza kuona kila kiungo.

Alfonsi, mwenye banda, aliongeza kiungo chake. Alikaa pembeni na kipaza sauti akitafsiri kwa namna yake.

"Mama mwenye ngome anasema, karibuni wageni, jisikieni mko nyumbani," alitangaza. "Lakini mwangalieni macho, ndugu zangu. Huyu ukila kwake, unaliwa."

Filamu ilipokwisha alimfuata Adela mlangoni.

"Dokta, niambie kweli. Umetumwa na serikali? Mtu haangalii filamu moja mara tano na kalamu mkononi."

"Mimi si daktari, Alfonsi. Na sijatumwa."

"Ndivyo wanavyosema wote waliotumwa." Alicheka. "Mtu wa Dar akisikia jina la mji wetu anashika rozari. Sisi huku tunalipa kiingilio kuwaangalia wachawi wa Italia. Sasa mshamba ni nani?"

Simu ya Adela iliita akiwa bado pale. Alikuwa dada yake, Emerensiana, mjane aliyeishi kijijini, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kupita Kaengesa.

"Lambalamba wanaingia kwetu Alhamisi," Emerensiana alisema. "Njoo. Na uje na yule mtu wako wa video, aje na kamera."

Lambalamba ni wale wanaozunguka vijijini wakijitangaza kuwa wanasafisha uchawi. Wazee bado waliwaita kamchape, jina la wenzao wa zamani. Serikali imewakataza, na vijiji vinaendelea kuwaalika. Hilo halikumshangaza Adela. Kilichomshangaza ni kamera. Dada yake hakuwahi kuomba kupigwa picha maisha yake yote.

"Wanakusema wewe?"

"Ndama wawili wa jirani wamekufa. Ulezi wangu umekubali, wa kwao umenyauka. Unadhani wanamsema nani?"

Adela alijua kinachofuata kama anavyojua hatua za kipimo. Pembe ya uchawi ikipatikana ndani ya nyumba, mwenye nyumba hunyolewa mbele ya kijiji na kuchanjwa. Baada ya hapo hakuna anayeazima chumvi kwake. Wajane wawili wa kata ile waliwahi kubaki miezi michache tu baada ya kunyolewa, kisha wakaondoka, na mashamba yao yakalimwa na wengine.

*

Walifika Alhamisi saa tatu asubuhi. Alfonsi, ambaye siku nyingine hupiga picha za harusi kwa simu yake, alikuwa nayo mfukoni, na taa ameifunga nyuma ya pikipiki. Mlangoni walipokewa na Stefania, mke wa Yonas, mtoto wa pekee wa Emerensiana. Yonas alikuwa Kipili, ziwani, akivua dagaa katika mtumbwi wa mtu mwingine. Mkewe, mwenye mimba ya miezi sita, alikaa na mama mkwe.

"Shikamoo, mama mdogo. Karibu kiti."

Alimimina chai kwa mkono wa kushoto, akakumbuka, akahamishia birika mkono wa kulia. Adela aliona. Kuona ilikuwa tabia yake, wala hakulipa jambo hilo uzito.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Kiongozi wa lambalamba aliitwa Limbu, mtu mrefu mwenye fulana ya timu ya mpira na usinga mkononi. Masharti yake yalikuwa machache. Kila mwenye nyumba aache mlango wazi, akae uwanjani, aipe nyumba yake mgongo. Atakayegeuka kabla hajaitwa amejitangaza mwenyewe. Watu mia tatu na zaidi walikaa wakitazama ukuta mtupu wa darasa.

Mara moja Adela alikumbuka ile ngome ya korido moja. Katika zile filamu, sura ya mtu inapotakiwa kubadilika kuwa ya mzee, kamera hugeukia moto jikoni, kisha hurudi. Kijiji kizima kilikuwa kimekubali kuutazama moto.

"Mtaalamu," Alfonsi alimwambia Limbu kwa heshima nyingi, "kijiji kingine kikiiona kazi yako kwenye simu, watakufuata wenyewe."

Limbu alifikiri. "Nipige nikiwa ninacheza. Na nikiwa ninachimba. Huyu mama ni nani?"

"Anashika taa."

Hivyo Adela aliingia katika nyumba saba nyuma ya lambalamba, taa mkononi, macho kwenye mikono ya Limbu. Katika nyumba ya tatu aliona kamba ya hirizi ikitoka ndani ya mshipi wa suruali, ikashikwa kati ya vidole viwili, ikaangushwa kwenye majivu, ikaokotwa kwa kelele. Alihesabu: sekunde mbili. Kazi ya hovyo. Mzee Adriano wa nyumba ile aliitwa, akapewa onyo na dawa ya kunywa, akaenda zake.

Nyumba ya nane ilikuwa ya Emerensiana.

Limbu hakucheza sana. Alikwenda moja kwa moja chini ya kitanda, akakisukuma, akapiga jembe la mkono mara tatu. Adela alisogeza taa. Mikono yote miwili ya Limbu ilikuwa kwenye mpini. Udongo ulifunguka, na ndani yake, kabla hajagusa kitu, ilionekana ncha ya pembe iliyofungwa kitambaa chekundu.

Adela alisikia moyo wake. Safari hii hakuupima.

Wapiga ngoma walipiga kelele, uwanja ukaitikia. Mgambo wawili walimchukua Emerensiana, wakamweka katika jiko lake la nje. Mwenyekiti wa kijiji, Abeli, alitangaza kwamba atanyolewa saa kumi, baada ya watu kula.

*

Adela na Alfonsi walikaa nyuma ya kichaka cha mkaratusi na simu ya Alfonsi. Waliitazama picha mara tatu, mara ya mwisho polepole kabisa.

"Hapa hakuna mchezo, dokta," Alfonsi alisema chini chini. "Yule wa hirizi namwona. Lakini hii pembe ilikuwemo." Alimtazama kwa pembe ya jicho. "Samahani kuuliza. Dada yako ni mtu wa namna gani?"

"Rudisha nyuma. Simamisha kabla ya jembe."

Kwenye kioo kilionekana kipande cha sakafu chini ya kitanda. Sakafu ya Kifipa husiribwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Mwanamke hupiga magoti akirudi nyuma, na kiganja chake huacha mistari iliyopinda. Kila mwenye nyumba ana mpindo wake. Nyumba nzima ya Emerensiana mistari ilipinda kutoka kulia. Chini ya kitanda, mahali pa upana wa sinia, ilipinda kutoka kushoto, na rangi yake ilikuwa nzito kidogo, ya udongo ambao haujamaliza kukauka.

Filamu maskini haina fedha ya mwigizaji wa ziada. Ndani ya ngome wamo watu watano, na aliyeua ni mmoja wao. Hakuna mgeni atakayeshuka kutoka kwenye gari dakika ya themanini. Adela alijifunza hilo katika filamu ya pili, na tangu hapo hakukosea kumtaja muuaji. Nyumba ya dada yake ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa amemimina chai kwa mkono wa kushoto.

Limbu alikuwa ameambiwa mahali pa kuchimba. Yonas alitaka shamba liuzwe anunue mtumbwi wake. Mama yake alikataa mwaka jana na mwaka huu. Mjane aliyenyolewa angehamia mjini kwa mdogo wake, Adela, na shamba lingebaki kwa mtoto. Kila kiungo kilionekana.

Adela alikwenda kule jikoni. Mgambo walimruhusu, wakabaki nje wakivuta sigara. Emerensiana alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage, kana kwamba siku ilikuwa ya kawaida.

"Ni Stefania," Adela alisema. "Nina ushahidi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Jumamosi asubuhi nilifagia chini ya kitanda. Ufagio ukakwama kwenye unyevu. Nikaona mkono wa nani umesiriba." Alitupa harage bovu. "Nikakaa kitandani nikafikiri mpaka kengele ya mchana."

"Ungeichimba ukaitupa!"

"Yeye alikuwa mlangoni na mwanamke wa jirani, wanatwanga. Wangenikuta na pembe mkononi. Na tangu siku ile haniachi peke yangu ndani. Ungekuja mazishini, si hapa."

Adela alikaa chini. Kulikuwa na kitu bado hakijakaa mahali pake, na alikitafuta, akakipata. "Ndiyo maana ulitaka kamera."

"Ninyi wawili mnajua michezo. Kila Jumapili unaniambia kwenye simu, wameweka uzi, wamekata hapa. Nikasema, Adela atakuja, atawaambia Limbu ameitoa kwenye mkono wa nguo, na watu watamwamini kwa sababu ni mtu wa hospitali."

"Limbu hakuiweka."

"Limbu ni mwongo."

"Ni mwongo wa hirizi ya nyumba ya tatu. Hii hakuiweka. Nimetazama mara tatu."

"Basi waambie ukweli wako." Emerensiana aliweka ungo chini. "Waambie Stefania ndiye aliyezika pembe. Wako mia tatu huko, wamekaa juani tangu asubuhi wakimngoja mchawi. Unadhani watasema, aah, kumbe ni mambo ya shamba tu, twendeni nyumbani? Mtu aliyeshika pembe ni mchawi. Ana mimba ya mwanangu."

"Alikuuza, dada."

"Aliniuza. Ni ujinga na ni ubaya, na mume wake ndiye aliyemfundisha. Mjukuu hajaniuza."

Nje mgambo mmoja alikohoa. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

*

"Kata hapa," Adela alimwambia Alfonsi. "Kutoka jembe linapoingia mara ya tatu mpaka pembe iko mkononi mwake."

"Sekunde nne."

"Nne."

Alfonsi alimtazama, kisha akatazama kioo. "Maharusi hunilipa kwa hili. Bibi harusi akijikwaa, nakata." Kidole chake kilipita mara mbili. "Mikono iko kwenye mpini, hop, pembe iko mkononi. Hata mimi nasema ametoa mfukoni. Dokta, hii ni bora kuliko ya Waitaliano."

"Ile nzima nitumie mimi. Yako uifute, nikiona."

Aliifuta, Adela akiona.

Halmashauri ya kijiji ilikutana katika ofisi ya mwenyekiti, watu tisa wakiinamia simu moja, wengine wengi wakining'inia madirishani. Alfonsi aliwaonyesha kwanza nyumba ya tatu. Mshipi, vidole viwili, majivu.

"Mama yangu!" mmoja alisema dirishani. "Rudia hapo!"

"Ametoa kwenye suruali! Mzee Adriano umekunywa dawa ya bure!"

Kisha aliwaonyesha nyumba ya nane. Abeli alivua miwani, akaivaa.

"Hapa imeruka," alisema.

Abeli hakuwa mjinga.

"Simu yangu ni ya zamani, mwenyekiti," Alfonsi alisema. "Ikipata joto inakwama."

Abeli alimgeukia Adela. "Dada, wewe ulikuwemo ndani, na taa ulishika wewe. Ninakufahamu, wewe ndiye uliyepima damu ya mke wangu ukasema si malaria, wakati wote wanasema ni malaria, na haikuwa malaria. Uliiona pembe ikitoka ardhini? Ndiyo au siyo?"

Kwa miaka thelathini na moja swali la namna hiyo lilikuwa na safu mbili tu, na alijaza moja.

"Siyo," alisema.

Walimwita Limbu. Aliingia akitabasamu, akaonyeshwa nyumba ya tatu, tabasamu likapungua. Akaonyeshwa nyumba ya nane. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo Adela hakuwa ameitarajia: alionekana kuonewa.

"Hii imekatwa! Hii sikuweka mimi! Ilikuwa palepale, nilia..."

Akanyamaza.

"Ulifanyaje?" Abeli aliuliza. "Malizia."

Adela alimtazama Limbu akipiga hesabu kichwani. Nilia-mbiwa ipo, angesema, na angemtaja aliyemwambia. Lakini lambalamba anayeambiwa si lambalamba. Ni mtu anayebeba umbea wa kijiji kimoja na kuurudisha kwa ngoma. Kijiji kinachofuata kingemngoja na marungu. Macho yake yalipita dirishani, juu ya vichwa, yakasimama mahali fulani. Stefania alikuwa amesimama pale, mkono juu ya tumbo.

"Niliagizwa na mizimu," Limbu alisema.

Madirisha yalilipuka kwa kicheko.

"Mizimu inakaa kwenye mshipi!"

"Vua na suruali tuisalimie!"

Abeli alimpigia simu mtendaji wa kata. Kabla mtendaji hajafika, lambalamba na wapiga ngoma wao walikuwa wamepanda gari wakaondoka, wakiacha ngoma moja. Picha ya nyumba ya tatu ilikuwa tayari kwenye simu ya kila mwenye simu. Mgambo walirudi majumbani bila kumwambia Emerensiana kitu, naye aliendelea na maharage.

*

Alfonsi alikwenda kula kwa mwenyekiti, ambako watu walitaka awasimulie filamu. Adela alibaki jikoni na dada yake.

"Ile nzima ninayo," alisema. "Nitamwonyesha Stefania leo, ajue. Akithubutu tena, inakwenda polisi."

"Futa."

"Ni ushahidi. Ushahidi haufutwi."

"Adela, nisikilize. Ukimwonyesha, ataishi humu akiniogopa. Nikimwita atashtuka. Nikimpa uji atanusa. Nikimshika mtoto, atahesabu vidole vya mtoto nikimrudisha." Emerensiana hakuinua sauti. "Hiyo ndiyo nyumba ya mchawi. Asubuhi yote walitaka kunipa, nikaikataa. Sasa unanipa wewe?"

"Na kama atarudia?"

"Anaweza kurudia."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo. Nitaongea na Yonas akipanda kutoka ziwani. Na mke wake nitaongea naye kesho, shambani, sisi wawili tu, bila simu."

Adela alitoa simu. Aliitazama picha mara moja zaidi, sekunde nne zile, mistari iliyopinda kutoka kushoto, udongo ukifunguka. Haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa picha bora aliyowahi kuona ya jambo lililotokea kweli, na watu waliojua kwamba lilitokea hawakuzidi sita. Alibonyeza. Simu iliuliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena.

Stefania aliingia na ugali wa ulezi na maharage. Aliweka chakula chini, akaleta maji, akawanawisha wote wawili kuanzia mkubwa. Maji yalimwagika kidogo kwenye goti la Adela.

"Samahani, mama mdogo."

"Kaa ule," Emerensiana alimwambia.

Walikaa watatu kuzunguka sahani moja. Emerensiana alikata tonge la kwanza, akalichovya, akala, akaanza kulalamika kuhusu chumvi. Adela alikuwa na njaa tangu saa sita, lakini hakunyoosha mkono. Alingoja. Stefania aliinua macho, akaona Adela anangoja aonje yeye kwanza, akaelewa. Alikata tonge upande wake, akalila polepole, akameza.

Adela alihesabu mpaka thelathini, kisha naye akala.